Maziwa ya Kusafisha Kifua

Kila siku ya kazi, saa nne kamili asubuhi, king'ora cha kiwanda kililia mara moja na mashine zote za kuchambua pamba zikazimwa kwa robo saa. Wafanyakazi wakatoka nje, kope nyeupe, masikio meupe, wakapanga foleni mbele ya pipa la maziwa, kila mtu na kikombe chake. Kashindye binti Shigela ndiye aliyekuwa wa kwanza siku zote, na msije mkadhani alikuwa mroho. Maziwa yale aliyaona kama yake. Ni yeye aliyesimama mkutanini mwaka wa tisini na tano akayapigania mpaka yakaja, na tangu siku hiyo alikishika kikombe chake cha bati kwa fahari.

Maziwa yalikuwa ya kusafisha kifua. Hilo lilijulikana Mwanza nzima. Tangu enzi za chama cha ushirika, mtu wa kazi ya vumbi alipewa maziwa, awe wa pamba, wa saruji au wa kusaga mahindi. Ukiyanywa yanalizoa vumbi na kushuka nalo. Nani aliyesema? Hakuna ajuaye, lakini baba zetu waliyanywa, na sisi tukayanywa. Kisha chama kikafilisika, serikali ikasema mwenye mtaji yeyote ruksa kununua pamba, na kiwanda kikachukuliwa na kampuni ya watu binafsi. Kitu cha kwanza kukatwa kilikuwa maziwa. Watu walinung'unika msimu mzima, na waliokohoa walikohoa huku wakiwatukana wenye kampuni.

Msimamizi wa kampuni hiyo alikuwa Bwana Liaqat, mzaliwa wa hapa hapa mjini, mtu anayejua Kisukuma cha mnadani kuliko vijana wetu wa siku hizi. Sitamsingizia ubaya. Mkaguzi wa viwanda alipomwambia aajiri tabibu wa kuwaangalia wafanyakazi, aliajiri. Na tabibu aliyepata kazi hiyo, akitokea kituo cha afya cha Nansio, alikuwa Masele, mdogo wake Kashindye wa tumbo moja.

Hapa nirudi nyuma kidogo, la sivyo hamtaelewa kilichomuuma mwanamke yule.

Kwao ni Misungwi. Baba yao alifariki Kashindye akiwa darasa la tano na Masele bado ananing'inia mgongoni kwa mama. Mama naye alikuwa na ugonjwa wa miguu, hawezi jembe. Masele alipofika umri wa shule, Kashindye alikuwa amekwisha kuiacha zamani. Hakuna aliyemwuliza kama anataka kuacha, na yeye hakuuliza kwa nini. Alilima pamba, akapalilia, akachuma, na pamba ile ndiyo iliyompeleka Masele sekondari.

Likizo moja Masele, akiwa kidato cha pili, alirudi nyumbani amenywea. Mtihani wa baiolojia ulikuwa unamsubiri, mfumo wa upumuaji, na mwalimu wao alikuwa amechora ubaoni mara moja tu akafuta. Kijana alikuwa na daftari limejaa majina na hajui hata moja liko wapi mwilini. Alikaa nyuma ya nyumba analia kimya kimya. Kashindye alimtazama, akajifunga kanga, akaenda mnadani kwa mchinjaji.

"Nataka mapafu ya ng'ombe," alisema. "Mazima. Na koo lake lote, na umio wake, usikate kitu."

Mchinjaji alimwambia kwamba mapafu ambayo bwana afya hajayapasua kuyakagua hayaliwi. Kashindye akamjibu kwamba hayaendi kuliwa, yanaenda shule. Mchinjaji alicheka, akampa.

Waliyatandaza juu ya jani la mgomba. Masele akafungua daftari, na kwa mara ya kwanza yale majina yakapata pa kukaa. "Hili gumu la mbele ni koromeo, bomba la hewa. Gusa, lina pete za gegedu, ndiyo maana halibonyei. Hili laini la nyuma ni umio, njia ya chakula." Kwenye mdomo wa bomba la hewa palikuwa na kifuniko kidogo kilicholegea. Kijana akapekua kurasa. "Kidakatonge. Ukimeza, kinafunika njia ya hewa, tonge lipite nyuma."

Kashindye akakibonyeza kwa kidole. Kilifunika, akakiachia, kikafunuka. Alifanya hivyo mara tatu nne, maana alipendezwa nacho. "Kwa hiyo maji hayaendi huku mbele kabisa?"

"Hayaendi. Likienda hata tone moja unapaliwa, unakohoa mpaka utoe machozi."

Akamwonyesha bomba linavyogawanyika mawili, kila moja likagawanyika tena, na tena, vimirija vikazidi kuwa vyembamba hadi kisu chao cha jikoni kikashindwa kuvifuata. Mwisho wa kila kimirija, daftari lilisema, kuna viribahewa, vifuko vidogo visivyoonekana kwa macho, mamilioni, na humo ndimo damu inapochukua hewa safi na kuacha chafu. Chini ya mapafu kuna kiwambo, msuli mpana unaoshuka ili kifua kipanuke na hewa iingie. Kashindye aliweka mkono juu ya tumbo lake, akavuta pumzi, akausikia unashuka.

Kisha wakataka kuona yakipumua. Masele alikata bua la jani la mpapai, lile lenye uwazi ndani, akalichomeka kwenye bomba la hewa, akafunga kwa uzi. Akapuliza mpaka mashavu yakavimba. Pafu likainuka kipembe kimoja, likalala. Akapuliza tena, likalala tena.

"Lete," Kashindye alisema.

Alipuliza mara moja. Mapafu yakainuka yote mawili, yakatoka kwenye wekundu mzito yakawa na rangi ya waridi, yakajaa mpaka yakafunika jani zima. Masele alibaki mdomo wazi. "Dada, una kifua cha fahali," alisema.

"Haya, kaandike hivyo kwenye mtihani."

Alifaulu. Akaendelea mpaka akawa tabibu, na kila palipokuwa na wageni alisimulia habari ya yale mapafu na bua la mpapai, akimsifu dada yake. Kashindye, ambaye wakati huo alikuwa ameolewa, ameachika, na yuko mashineni kiwandani na mwanawe Mayala wa kumlea, aliisikia hadithi ile mara hamsini na hakuichoka. Sasa mwelewe: mwanamke huyu hakuwa na cheti, hakuwa na ng'ombe, hakuwa na mume. Alikuwa na Masele.

Mwaka wa tisini na tano mkaguzi alirudi, akaiambia kampuni ifunge feni kubwa za kuvuta vumbi lote nje, au ionyeshe kwamba ina njia nyingine ya kuwalinda watu na kwamba watu wenyewe wameiridhia. Ukaitishwa mkutano wa wafanyakazi. Jumapili kabla ya mkutano, Masele alipanda mlimani kwa dada yake, Kirumba, kule juu kwenye mawe, akakaribishwa ugali na sato.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Kula kwanza, maneno baadaye."

Alikula, akanawa, akasema. Feni zile zingesimamisha kiwanda msimu mzima, na watu wangerudi makwao mikono mitupu. Maziwa yanatosha. "Kesho wakiuliza, dada, wewe simama. Watu wanakusikiliza kuliko mimi mgeni. Waambie maziwa yarudishwe, basi."

Kashindye alikunja uso. "Masele, si ulinionyesha mabomba mawili? Maziwa yanafikaje mapafuni?"

Hapo ndipo Masele alipotabasamu. Tabasamu lile Kashindye alikuja kulikumbuka kuliko maneno yenyewe. "Yale yalikuwa masomo ya kidato cha pili, dada. Sasa nimesoma zaidi. Maziwa yanaingia kwenye damu, damu inayapeleka mapafuni, yanalainisha vumbi, unalikohoa. Ni sayansi."

Na Kashindye alifurahi, jamani. Alifurahi kwamba mdogo wake amesoma mpaka amepita yale aliyoyaona yeye kwa macho yake na kuyagusa kwa kidole chake. Kesho yake alisimama. Alisema amezungumza na mtu aliyesoma, damu yake mwenyewe, asiyeweza kumpotosha. Alisema watu wana watoto, hawawezi kukaa msimu mzima bila kazi. "Turudishiwe maziwa yetu," alisema, na mikono ikainuka yote. Masele alikaa mezani pamoja na wakubwa na hakufungua mdomo.

Maziwa yakaja. Feni hazikuja. Na ili mkaguzi aone vifua vinaangaliwa, Masele akaleta kibomba cha plastiki chenye mshale mwekundu. Unavuta pumzi, unapuliza kwa nguvu zako zote, mshale unakimbia na kusimama kwenye namba. Kila Jumatatu saa moja asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, walipita mmoja mmoja chumbani kwake. Mara ya kwanza Kashindye alipiga mia nne na hamsini, akawapita wanawake wote na nusu ya wanaume. Ngosha, mbebaji wa marobota na bingwa wa maneno, alimwambia aende akawapulizie matairi ya lori. Masele akaandika daftarini: mzima.

Miaka miwili Masele aliandika hivyo, mzima, mzima, mzima, mstari kwa mstari.

Lakini mlima haukuandika hivyo. Kashindye alizoea kupanda kwake na ndoo ya maji kichwani huku anaimba, ukiwa unamsikia tangu chini. Mwaka wa tisini na sita alianza kupumzika mara moja, pale kwenye jiwe wanapoanika nguo. Tisini na saba alipumzika mara tatu, kisha mara tano, na kuimba akawa ameacha bila kujua ameacha lini. Cha ajabu ni siku zenyewe. Jumatatu jioni kifua kilibana kama kimefungwa kanga. Jumanne kidogo afadhali. Jumamosi kilikuwa kinalegea, na Jumapili, baada ya kulala nyumbani na kukaa mbali na vumbi, aliweza kuimba kanisani angalau ubeti mmoja. Jumatatu ikifika, mchezo ule ule.

Alimwambia Masele. Masele akamwekea mpira wa masikioni kifuani, akasikiliza mbele na nyuma, akasema ni baridi ya ziwa. "Usiache maziwa yako," alisema.

Bernadeta, rafiki yake wa mashine ya jirani, hakufika mbali. Jumatatu moja ya mwezi wa sita alikaa chini katikati ya zamu, akawa hawezi kumaliza sentensi moja bila kukata katikati. Wengine walisema kifua kikuu. Hospitali wakampima makohozi, wakasema sicho. Basi ikawa karogwa na mke mwenziwe. Alirudishwa kwao Nansio kwa meli, na mwezi wa nane zikaja habari kwamba amefariki. Ngosha ndiye aliyesema kwa sauti, kwenye foleni, kwamba asubuhi ya siku ile ile Bernadeta alipoanguka alikuwa ameandikwa mzima. Kashindye alimgeukia palepale.

"Ngosha, chunga ulimi wako. Mdogo wangu hawezi kuandika uongo. Nimemlea mimi."

Ngosha akageukia pipa. Watu walimheshimu, na kila mtu akanywa maziwa yake.

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa tisa, Kashindye alikwenda kula kwa mdogo wake. Kampuni ilikuwa imempa Masele nyumba ya vyumba vitatu karibu na ziwa, na mkewe, Sabina, alikuwa mtu wa maneno mengi na roho nyeupe, mtu asiyejua kuficha hata bei ya kitenge chake. Masele alikuwa ametoka kwenda kumwona Bwana Liaqat. Walikula wali na mchuzi wawili tu, na mazungumzo yakamfikia Winnie, mdogo wake Sabina, aliyemaliza darasa la saba na kukaa nyumbani bure.

"Mlete kiwandani," Kashindye alisema. "Msimu huu wanachukua watu mashineni. Nitamwangalia mwenyewe."

Sabina alicheka, akaongeza mchuzi. "Mashineni? Wifi, Masele hataki hata kulisikia neno hilo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimepata nafasi pale tulipohamia, akanikataza katakata. Alisema mle ndani vumbi likishaingia kifuani kifua hakirudi, hata unywe maziwa ya kanda yote ya ziwa."

Tonge lilibaki mkononi mwa Kashindye. "Alisema hivyo lini?"

"Tulipokuja tu. Tisini na tano. Hata maziwa yenu yalikuwa bado." Kisha Sabina akaona uso wa wifi yake, naye akaacha kucheka. "Kwani wewe hakukwambia?"

"Aliniambia," Kashindye alisema. Akamaliza wali wake punje kwa punje, akashukuru, akaaga vizuri.

Siku ile alipumzika mara saba mlimani. Mara ya saba alikaa juu ya jiwe la nguo na hakuinuka mpaka alipokuja mwenye nguo zake kuzianua. Hakuwa na hasira, bado. Alikuwa na aibu, kama mtu aliyeibiwa na kugundua kwamba mlango aliufungua mwenyewe. Masele alimkataza mke wake. Mke wa mwaka mmoja alimkataza, na dada aliyeacha shule kwa ajili yake alimpandia mlimani, akala sato wake, akamtia mchanga wa macho. Alikaa anayarudia mambo yote pale jiweni, na katika kuyarudia akafika kwenye kile kibomba. Kwa nini Jumatatu? Kwa nini asubuhi, kabla ya mashine? Ndiyo saa pekee katika wiki nzima ambapo kifua kimetoka kupumzika. Ukitaka kukuta watu wazima kwenye kiwanda cha wagonjwa, hutachagua saa nyingine. Na Masele ni mtu aliyesoma zaidi.

Jumatatu asubuhi alipuliza kama kawaida. Mia tatu na hamsini. Masele akaandika.

Saa kumi jioni, zamu ilipokwisha, hakwenda nyumbani. Alikwenda chumba cha tabibu akiwa bado mweupe, kifua kinapiga filimbi, akafunga mlango nyuma yake.

"Dada, umesahau kitu?"

"Nipe nipulize."

"Si ulipuliza asubuhi?"

"Nipe, Masele."

Alipuliza. Mia mbili na arobaini. Akarudia, mia mbili na thelathini. Akarudia tena, mshale ukasimama palepale. Akakiweka kibomba mezani juu ya daftari.

"Andika."

"Umechoka tu, dada. Mtu akichoka..."

"Andika, mdogo wangu. Mia moja na zaidi zimekwenda wapi tangu asubuhi? Nimeziweka wapi?"

Masele hakushika kalamu. Ukutani palikuwa na ratiba ya upimaji, imeandikwa kwa mkono. Kashindye aliujua mwandiko ule tangu daftari la baiolojia, kwa hiyo hakuuliza nani aliyechagua Jumatatu. Aliuliza kitu kingine. "Sabina ulimkataza kuingia mle. Kwa nini mimi hukunikataza?"

Masele alikaa, akavua miwani, akaanza kuzungumza akitazama meza. Kampuni haikutaka kusimama msimu mzima. Walimwuliza yeye, mtaalamu, kama maziwa yanatosha, na wakamwambia wakimaliza misimu michache vizuri watamsomesha Dar es Salaam awe daktari kamili. Mwakani ndiyo anaondoka. "Nilifikiri ni muda mfupi tu. Nikishakuwa daktari ningekutoa pale, dada. Nilikuwa nimepanga kukutoa. Sabina niliweza kumkataza bila watu kuuliza, ni mke wangu. Wewe ningekutoa ungeuliza, na watu wangeuliza."

"Na Bernadeta?"

Masele alivaa miwani yake tena. "Mimi sikusema neno kwenye mkutano ule," alisema, sauti imepanda kidogo. "Ni wewe uliyesimama. Kaulize, wote watakwambia ni wewe."

Maneno hayo ndiyo yaliyomchoma. Yale ya kusomeshwa angeweza labda kuyameza siku moja, maana yeye mwenyewe alikuwa ameuza ujana wake kwa ajili ya shule ya Masele na alijua shule inavyotamanika. Lakini kuuchukua mdomo wake, kuutumia, kisha kumrudishia lawama? Alitaka kumpiga kofi, akakosa pumzi ya kuinulia mkono.

"Kifua changu kitarudi?"

"Ukiacha sasa, kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Masele alikitazama kibomba. "Kidogo, dada."

Kesho yake, alfajiri ya Jumanne, Kashindye alimkuta mchinjaji wa Kirumba kabla bwana afya hajafika. Alimwambia maneno yale yale aliyomwambia mwenzake wa Misungwi miaka ile, isipokuwa hakusema yanaenda shule. Alikata bua la jani kwenye mpapai wa jirani. Akafika kazini na ndoo iliyofunikwa kitambaa, akaificha kwenye kivuli cha marobota, akaingia mashineni. Saa nne king'ora kilipolia, alitoka wa kwanza kama siku zote, lakini mkononi hakuwa na kikombe, alikuwa na ile ndoo.

"Mama Mayala leo katuletea kitoweo," Ngosha alisema, na watu wakacheka.

Kashindye aliyatandaza mapafu juu ya meza ya maziwa. Aliwaambia wasogee. Akaazima kikombe, akachota maziwa kutoka kwenye pipa, akamwomba mwanamke mmoja ainue juu ule mdomo wa koo, akabonyeza kidakatonge kwa kidole na kuyamimina maziwa kwenye umio. Yalipita, yakatokea upande wa pili, yakamwagika vumbini. Akawapitishia bomba la hewa wachungulie ndani mmoja mmoja. Halikuwa na hata tone.

"Hii ndiyo njia ya maziwa yetu," alisema, akikata maneno vipande vipande ili pumzi imtoshe. "Yanakwenda tumboni. Huku hayajawahi kufika, wala hayatafika. Nilionyeshwa hivi nikiwa msichana, na anayeandika kule ndani ndiye aliyenionyesha. Nikamwamini mdomo wake nikayakana macho yangu. Niliyesimama mkutanini ni mimi. Nilidanganywa, nikawadanganya na ninyi. Bernadeta aliinua mkono kwa sababu yangu."

Mzee mmoja wa mashine ya tatu alikitazama kikombe chake kilichojaa, akakiweka chini polepole. Bwana Liaqat alikuwa ametoka ofisini, amesimama nyuma ya foleni na karatasi mkononi, anasikiliza. Na Masele alikuwa mlangoni pa chumba chake, koti jeupe, mikono mfukoni.

"Sasa muone yanavyopumua," Kashindye alisema. "Muone mlichokuwa nacho."

Akachomeka bua la mpapai, akafunga uzi. Akavuta pumzi, kifua kikapiga filimbi mpaka wa nyuma wakaisikia, akapuliza. Pafu likainuka kipembe kimoja, likalala. Akapuliza tena. Likainuka pale pale, likalala. Mara ya tatu kikohozi kilimshika katikati, akainama akishikilia meza, na hakuna aliyejua amsaidie vipi. Kilipomwachia, alijifuta macho kwa ncha ya kanga, akalinyoosha lile bua kuelekea mlangoni.

"Masele, njoo upulize wewe. Dada yako hana pumzi."

Watu wote waligeuka. Masele alimtazama Bwana Liaqat, na Bwana Liaqat akayatazama maziwa yaliyomwagika chini. King'ora kikalia kuwaita kazini na mtu hakusogea. Mwishowe Masele alikuja, taratibu, watu wakampisha mpaka mezani. Aliinama, akalitia bua mdomoni, akapuliza mara moja tu.

Mapafu yakainuka yote mawili. Yakajaa mpaka ukingoni mwa meza, yakawa na rangi ya waridi, na yeye akabaki ameyashikilia hivyo, uso umelowa, anaogopa kuachia.

Kashindye aliyatazama, akamtazama na yeye. "Kifua kizima hicho, mdogo wangu," alisema. "Nenda kaandike."